Majani ya Ua Wetu



Ua tutakaouzungumzia uko Kisauni, baina ya nyumba tatu za ndugu watatu. Sisi tuandikao ni wake wa ndugu hao pamoja na wifi yetu, na tangu mwaka jana tumekuwa tukiutetea ua huo usimalizwe kwa matofali ya kabro. Nusu yake, upande wa lango, ilikwisha kutandazwa mwaka juzi. Nusu iliyobakia, ami yetu aliitaka nayo itandazwe kabla ya arusi ya binti yake. Hoja zake zilikuwa za haki: matope ya masika huingia hadi vyumbani, majani yanataka mtu wa kuyakata, na wageni wa arusi wanahitaji pa kukaa.

Lakini yupo nyanya yetu, aliyekwisha kupita miaka 80. Kila siku baada ya sala ya alasiri hutandikiwa mkeka chini ya mwarobaini, akakaa hapo hadi karibu na magharibi. Upande wa kabro hakai, kwani wakati wa kaskazi matofali hubaki na joto la mchana hata baada ya isha. Tena chumba chake ndicho kilicho chini kuliko vyote. Masika ya kwanza baada ya nusu ile kutandazwa, maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yalikosa pa kwenda, yakateremka mlangoni kwake, nasi tukaliinua godoro lake usiku wa manane. Kuitandaza nusu ya pili kungekuwa kumwelekezea maji yote.

Kumjibu mzee si jambo la papara. Tuliona ni bora wifi ndiye aseme, kwani neno la binti wa nyumbani hupita mahali ambapo neno la mke wa mwana husimama kizingitini. Naye alimwomba ami kitu kimoja tu: atupe muda hadi masika mengine, tumwonyeshe kwamba majani yaweza kuwa mapambo, si kichaka. Ami akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Tulianza na majani ya chini, yale ambayo wenye bustani huku pwani huyaita majani ya Pemba, na wataalamu Stenotaphrum dimidiatum. Jina lisikudanganye, msomaji. Hayako Pemba pekee, bali huota yenyewe katika pwani yetu hii hadi kusini mwa Afrika, na katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Jani lake ni pana na nene, nalo huvumilia kivuli cha miti na upepo wa chumvi. Huna haja ya kutafuta mbegu. Shina lake hutambaa, na kila fundo linalogusa udongo hutoa mizizi. Tulikata vipande vya urefu wa shubiri, tukavipanda kwa mistari mvua zilipoanza, baina ya kipande na kipande shubiri moja. Ilipofika vuli ardhi ilikuwa imefunikwa, na hoja ya matope ikaisha bila ya mtu kuijibu.

Ukutani tulitaka kitu kirefu. Majani ya Guinea, Panicum maximum, ni ya Afrika yetu hii. Yalivushwa bahari hadi Amerika karne nyingi zilizopita na leo yameenea huko. Kwetu hutazamwa kuwa chakula cha ng'ombe tu. Yakipewa nafasi ya kusimama peke yake hupita kimo cha mtu, na masuke yake hufunguka mapana, mepesi, yakiyumba kwa upepo mdogo kabisa. Mnana, ndege wale wa manjano, huja asubuhi kuchana jani lake ukanda kwa ukanda kwa ajili ya viota vyao, na nyanya huwahesabu. Makali ya jani hukwaruza ngozi, kwa hivyo hayafai kuwekwa kwenye njia ya watoto.

Mbele ya hayo tumepanda majani ya suke jekundu, Melinis repens, ambayo kila mwenye kupita kando ya barabara ameyaona bila ya kuyatazama. Suke changa huwa na wekundu wa zambarau, kisha hufifia likawa la waridi, mwisho jeupe. Jua la alasiri likilipenya, hakuna ua la kununua linaloweza kushindana nalo. Hiyo ni rai yetu, na atakaye kubishana na aje atazame. Manyoya ya mbegu zake hupeperuka yakashika kwenye buibui zilizoanikwa, basi kamba ya nguo na iwe upande mwingine. Pia hujipanda yenyewe. Huko Florida, Marekani, ambako ni mgeni, huhesabiwa kuwa magugu. Sisi huyakata masuke yanapoanza kuwa meupe.

Ama maji, mifereji yetu haitoki kila siku, na kisima kina chumvi. Tulichimba kijia chembamba kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye majani. Watu kumi na mmoja wakitia udhu, majani hupata ya kutosha, nayo ni maji yasiyo na sabuni. Maji ya kufulia hatuyapeleki huko.

Mbolea hatutii, ikizidi, majani marefu hunenepa yakaanguka. Mara moja kwa mwaka, mwisho wa kaskazi, huyakata kwa mundu yakabaki shubiri moja, nasi huvaa mikono mirefu. Kichaka kikizeeka katikati hukauka. Basi hung'olewa mvua zikianza, kikapasuliwa kwa panga, na vipande vya pembeni vikapandwa upya. Wanawake wengi hutuuliza habari ya nyoka. Swali ni la haki. Nyoka hufuata panya na takataka, kwa hivyo chini ya majani pafagiwe, na yaliyo marefu yawe mbali na mlango.

Masika ya mwaka huu yalishuka usiku, kwa nguvu. Asubuhi ami alisimama barazani na kanzu yake ameikunja, akiyatazama maji yanavyopita juu ya kabro na kupotea yanapofika kwenye majani. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alikuja fundi na mtarimbo, akang'oa safu mbili za kabro kandokando ya ukuta wa chumba cha nyanya, matofali 64, nayo yakapelekwa kuinulia tangi la maji. Vipande vya majani ya Pemba tulikuwa navyo tayari ndani ya ndoo. Arusi ni mwezi ujao, na mikeka ya wanawake itatandikwa upande wa majani.