Radio ya Valvu Isiyo na Spika

Leo tuache kompyuta kidogo. Ukipata radio ya valvu ambayo spika yake imepotea, usikimbilie kuiwasha, wala usichomeke spika yoyote uliyonayo. Katika radio nyingi za miaka ya 1930, spika ilikuwa na kazi tatu, na sauti ni moja tu kati ya hizo.

Kazi ya pili ni mzigo. Valvu ya mwisho, mathalani 6V6, hutaka mzigo wa omu 5,000 hivi, ilhali koili ya sauti ni omu 3 au 4. Katikati huwa kuna transfoma, na mara nyingi ilifungwa kwenye spika yenyewe. Ukiwasha bila transfoma, anodi haipati umeme, gridi ya skrini inabeba mkondo mwingi mno, inawaka nyekundu, na valvu imekwisha. Transfoma ikiwepo bila spika, volti zinaweza kupanda hadi zikaiunguza.

Ya tatu ni sumaku. Spika hizo zilikuwa na koili kubwa iliyopitishiwa umeme ili iwe sumaku. Koili hiyohiyo ilisafisha umeme wa radio nzima. Isipokuwepo, njia imekatika na valvu hazipati kitu.

Radio niliyonayo ni ya marehemu babu. Mjomba alitaka jibu moja: itengenezwe, au iuzwe kama sanduku la mbao? Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili. Moduli ikikosekana, unaandika ya bandia inayojibu kama ile halisi, kisha unajaribu zilizobaki. Nikafanya hivyo.

Mchoro uliobandikwa ndani ya sanduku unasema koili ni omu 1,000. Mkondo ukiwa miliampea 70, hapo zinapotea volti 70 na joto ni karibu wati 5. Nikaweka rezista ya omu 1,000 yenye uwezo wa wati 20, pamoja na kapasita ya ziada, kwa kuwa rezista haizuii mvumo vizuri kama koili.

Transfoma nilichukua ya laini ya volti 100, kama zile za vipaza sauti vya misikitini na makanisani. Waya wake wa wati 2 ukiupigia hesabu, 100 x 100 ÷ 2, unapata omu 5,000 kamili! Upande wa pili nikaunga spika ya kawaida ya omu 8. Transfoma hiyo haikuundwa kubeba umeme wa DC, kwa hiyo besi ni hafifu. Kwa kujaribu inatosha.

Kapasita kuukuu nilikuwa nimeshazibadilisha. Nikawasha kupitia balbu iliyoungwa mfululizo, ili hitilafu ikitokea balbu iwake badala ya radio kuungua. Valvu zikapata moto, mvumo, halafu mtangazaji akasikika. Nikampigia mjomba, nikaisogeza simu kwenye spika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo haiuzwi." Sasa tunatafuta spika halisi.

Nawe ukijaribu, kumbuka kapasita zinaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuzima. Zimwage kwa rezista, pima kwa mita, ndipo uguse. Programu ikigoma unaiwasha upya. Mkono hauwashwi upya.