Ukuta Uliotusomesha

Nikiwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo nilichora hoteli ya ghorofa 4 kwenye kiwanja ambacho sikuwahi kukikanyaga. Nikapewa alama nzuri. Siku hizo chuoni kwetu kila kitu kilikuwa na chumba chake: michoro studio, utafiti kwenye makabati ya wahadhiri, na kazi yenyewe huko mjini, tutaikuta tukishahitimu.

Likizo ile tukapelekwa Unguja kupima nyumba moja ya Mji Mkongwe. Kila tulipovuta futi kamba, upana wa chumba ulikuwa haufiki mita 3. Nikaandika daftarini: "Mpangilio mbovu." Fundi mwashi, mzee wa makamo, akachungulia, akacheka.

"Mwanangu, hebu tazama juu."

Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi urefu ule hupinda, basi chumba hufuata boriti. Nikafuta nilichoandika.

Kisha akagonga lipu ya saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa kale. Ikatoa mlio wa kitu kitupu, ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake chokaa ilikuwa imelowa, inamung'unyika vidoleni.

"Ukuta wa mawe na chokaa hutoka jasho. Ukiuziba kwa saruji, unaoza ndani kwa ndani."

Ramani zetu zote za darasani ziliandikwa: lipu ya saruji.

Nilipokuja kuwa mhadhiri nilianzia hapo. Wanafunzi wangu huroweka chokaa, hupaka vipande vya majaribio pamoja na mafundi, huviacha vipigwe na masika, huandika kilichopasuka na kilichodumu. Ndipo huchora. Siku ya kutetea kazi, fundi huketi mezani pamoja nasi, na maswali yake ndiyo wanayoyaogopa zaidi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka. Darasani sikuulizwa nani alaumiwe. Niliulizwa: "Mwalimu, vipimo vyake anavyo nani?" Swali hilo mimi nisingeliuliza nilipokuwa na umri wao.

Mhadhiri mwenzangu, kabla hujaandika alama juu ya mchoro, muulize mwenyewe: ukuta huu umeugusa?