Katikati ya Ubao

Nilifundisha hisabati katika sekondari za Tabora hadi kustaafu, na jioni za Jumamosi barazani kwangu Kwihara, jirani na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, nilifundisha vijana sataranji. Somo la kwanza halina taabu: sukuma askari katikati, toa farasi, ficha mfalme. Kijana aliyezoea drafti hulishika upesi. Kazi huanza kwenye ufunguzi wa Grünfeld.

Ernst Grünfeld wa Vienna aliucheza mashindanoni mwaka 1922, na unalipinga somo la kwanza waziwazi. Mweusi anasukuma d5, anakubali askari huyo aliwe, anabadilishana farasi, kisha anamwachia mweupe askari watatu wanene c3, d4 na e4. Ndipo anapomweka askofu g7, anasukuma c5, analeta farasi c6. Wote macho kwa d4.

"Mwalimu, si tumempa uwanja bure?"

Swali hilo sikulijibu kwa ubao. Niliwakumbusha mahali wanapoishi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora ikagawanyika: moja Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Waarabu ndio waliopakalia. Mtemi Mirambo wa Urambo hakuwa na haja ya kupakalia. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, basi. Agosti Waarabu wakamfuata, msafiri Stanley akiwamo, wakateka kijiji cha Zimbizo, wakaivamia Wilyankuru. Kundi lililorudi kutoka huko limelemewa na pembe na mateka likashambuliwa njiani. Tarehe 22 ruga-ruga, wapiganaji wa Mirambo, wakaingia Tabora wenyewe, wakachoma nyumba, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley, aliyekuwa hapa Kwihara, aliondoka Septemba kwa kuzunguka kusini.

Hapo walielewa: mwenye katikati ana vingi vya kulinda. Mweupe humfunga askofu kwa ajili ya d4, humfunga ngome, humfunga malkia, na kila anayelinda hashambulii. Vitabu vingi husifia ule ukuta wa askari bila kutaja gharama ya kuulinda, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Binti mmoja, mbishi wa kweli, hakuridhika. "Sasa Mwalimu, mbona Mirambo hakubaki na Tabora?"

Swali zuri kuliko jibu langu. Tabora ilikuwa na pwani nyuma yake: baruti na bunduki ziliendelea kuja. Ubaoni hakuna mzigo mpya kutoka Bagamoyo, kilicholiwa kimeliwa. Lakini alikuwa amegusa kitu. Mweusi akichelewa kuivunja d4, yule askari husonga d5, kisha d6, bila askari wa kumzuia mbele, na mchezo huwa mwingine kabisa.

Tangu siku hiyo binti yule huchagua mweupe. Kila akinikaribisha kwenye Grünfeld, mimi husukuma c5 mapema iwezekanavyo.