Nairobi hadi Jeddah: Mwendo wa Saa Nne

Kila inapokaribia safari ya Umra huulizwa swali moja mlangoni mwa msikiti: kuna umbali gani hadi Jeddah? Jibu la ramani ni jepesi. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 2,550 kwa njia ya anga, na ndege isiyotua njiani huzikata kwa muda wa saa nne hivi. Hata saa ya mkononi haigeuzwi, kwani Kenya na Saudia zafuata majira mamoja. Sisi wa Mombasa hukaa zaidi ndani ya treni ya kwenda Nairobi kuliko tunavyokaa angani.

Wazee wetu waliosafiri kwa jahazi walingojea upepo wa kusi uwapeleke kaskazini, kisha wakakaa baharini majuma kadhaa. Ilikuwa taabu, lakini pia ilikuwa nafasi ya kujifunza. Sisi tumepewa wepesi, na wepesi huo ulikaribia kutuponza.

Mwaka mmoja tuliongoza kundi dogo la Umra. Tuliwasomesha nguzo na wajibu kwa jioni kadhaa, lakini jambo moja hatukulitamka: kwamba ihramu isitiwe ndani ya sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Tulipokuwa juu ya Bahari ya Shamu, ikatangazwa kuwa twakaribia miqaat ya Yalamlam. Mzee mmoja, aliyeweka akiba miaka mingi kwa safari ile, akatugeukia uso umemsawijika.

"Sheikh, ihramu yangu imo sandukuni. Nilidhani tutavaa Jeddah."

Kosa lilikuwa letu, si lake. Miqaat ni mipaka aliyoiweka Mtume (S.A.W.). Mwenye nia ya Hija au Umra haivuki bila ya kuhirimia. Akiivuka, itampasa arudi, la sivyo achinje. Anayepita nchi kavu husimama hapo, akaoga na kujitayarisha. Angani hakuna kusimama: ndege hupita zaidi ya kilomita kumi kwa kila dakika.

Tukamwuliza, "Mzee wangu, mkobani mwako mna nini?"

Akatoa kikoi chake cha kulalia, chenye taraza nyekundu. Nasi tukatoa chetu. Vikawa vitambaa viwili visivyoshonwa, na weupe wa ihramu ni sunna, si sharti. Akaenda msalani, akavua kanzu, kofia na nguo za ndani, akarudi kimoja amejifunga na kingine amejitanda. Akanuia, akaanza talbiya kwa sauti ya kutetemeka, na safu nzima ikamwitikia. Haukupita muda, taa za Jeddah zikaonekana.

Tangu siku ile, darasa letu la kwanza ni hesabu ya saa hizo nne. Ihramu ivaliwe kabla ya kupanda ndege, au iwe mkononi. Nia itiwe panapotangazwa miqaat, na msafiri asilale wakati huo. Ama madeni, wasia na kuombana radhi na jamaa, hayo yamalizwe nyumbani kabla ya kupanda treni, kwani angani hayana nafasi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie kufika wenye kutamani, na atusamehe tuliyoyasahau kuwafunza. Amin.