Joto Lilipokatika Buffalo

Ziwa ndilo lililotuletea theluji. Mtu wa Kasingirima, mtaa wetu wa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hapati shida kulielewa hilo, maana sisi tumekua tukilitazama ziwa kabla ya kuamua jambo: kama leo wavuvi wataingia, kama dagaa walioanikwa watakauka, kama safari ya mtumbwi ifanyike au iahirishwe. Nilipomfuata mume wangu Buffalo, katika Jimbo la New York, alikohamishiwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilifurahi kusikia kwamba mji umekaa ufukweni. Ziwa lenyewe, Erie, lina tabia nyingine kabisa.

Tanganyika linashuka hadi mita 1,470. Erie, palipo na kina kirefu kuliko pote, ni mita 64 tu, na wastani wake mita 19. Maji haba namna hiyo hupata moto upesi majira ya joto, na Desemba ikifika bado yana uvuguvugu, hayajaganda. Upepo wa baridi kali ukija kutoka magharibi na kusini-magharibi hupita juu ya ziwa kwa urefu wake, karibu kilomita 390, ukibeba mvuke njia nzima. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki, pale mzigo unapotuliwa. Ndiyo sababu wenyeji wa kule huomba ziwa ligande mapema, kwa kuwa likishafunikwa na barafu theluji ya aina hiyo hupungua. Mwishoni mwa mwaka 2022 ziwa lilikuwa bado halijaganda. Novemba vitongoji vya kusini, Orchard Park na jirani zake, vilizikwa na theluji ya karibu mita 2. Sisi tulio katikati ya mji tukapata nafuu, tukamshukuru Mungu.

Ijumaa ya tarehe 23 Desemba asubuhi bado kulikuwa na joto la nyuzi chache juu ya sifuri. Kabla ya siku kwisha tulikuwa zaidi ya nyuzi 10 chini yake, na upepo ulizidi kilomita 110 kwa saa. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa asubuhi hiyohiyo, wakati watu wamekwishatoka, wengine kazini, wengine madukani kutafuta chakula cha Krismasi. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani, akanasa hukohuko pamoja na wenzake. Nyumbani nilibaki mimi, watoto, na mama mkwe, Mbembe wa Baraka, Kongo, aliyevuka Tanganyika akiwa kijana na kuzeekea kambini. Dirishani hapakuonekana hata nyumba ya ng'ambo ya barabara. Hali hiyo ya kutoona kitu iliendelea kwa saa 37.

Umeme ulikatika gizani, na hapo ndipo nilipoielewa vizuri nyumba niliyokuwa naishi. Hita yetu iko chini, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini. Inawaka kwa gesi, na gesi haikukatika. Lakini swichi inayopima joto la nyumba ni ya umeme, cheche inayowasha moto ni ya umeme, na feni inayosukuma hewa moto kwenye mabomba hadi vyumbani nayo ni ya umeme. Kwa hiyo gesi ipo, hita nzima, na nyumba inapoa. Nyumba nyingi za upande wetu wa mji ni za mbao na ni za miaka mingi. Joto huzitoka haraka kupitia madirisha na dari. Usiku ule tuliona pumzi zetu wenyewe tukiwa sebuleni.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, si tuna mkaa? Lile jiko la nje liingie ndani, watoto wapate moto."

"Hapana, mama. Unisamehe, hilo hapana."

Nilimkatalia mkwe wangu, jambo ambalo kwetu Ujiji halifanyiki hivihivi, kwa sababu ya kitu nilichokiona nikiwa msichana. Masika moja, mvua imepiga tangu magharibi, vijana wawili mtaani kwetu waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Asubuhi mlango ulivunjwa. Walikuwa wamelala vilevile, shuka hazijavurugika. Watu walianza kunong'ona habari za uchawi, mpaka muuguzi mmoja, jirani yetu, akasimama msibani kuwaambia kina mama kilichowaua. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hujisikia kichefuchefu, husinzia, na mwenye usingizi tayari haamki kuomba msaada.

Nilimsimulia mama mkwe habari hiyo gizani, taratibu, na watoto wakisikiliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi lile jiko likae hukohuko nje." Namshukuru hadi leo, kwani ni yeye mkubwa wa nyumba na angeweza kung'ang'ania.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza watu mambo haya, na nimejifunza kwamba hatukuwa wa kwanza kufikia kizingiti kile. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme eneo la Seattle, upande wa pili wa Marekani, na wengi wa waliopata sumu hiyo walikuwa wahamiaji waliowasha mkaa ndani ya nyumba. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Na huko Buffalo kwenyewe, si wageni tu wanaokufa. Januari 2009 Amanda, msichana wa West Seneca, mji ulio mlango wa pili na wetu, alikwenda kulala kwa rafiki yake akafa kwa hewa ya boila mbovu. Kutokana na kifo chake ilipitishwa Sheria ya Amanda, iliyoanza kutumika 2010, inayodai kengele ya kaboni monoksaidi katika nyumba za watu Jimbo zima la New York. Ile kengele nyeupe ukutani, ambayo watu wetu huing'oa kwa sababu inalia betri ikiisha, ina kaburi la mtoto nyuma yake. Siwezi kuiangalia vingine.

Tulichofanya ni kuihama nyumba na kubaki na chumba kimoja. Tulichagua chumba kidogo chenye dirisha moja, tukatundika blanketi dirishani na jingine mlangoni, tukaziba uwazi wa chini kwa taulo. Magodoro yote yakaingia humo. Tulivaa nguo juu ya nguo, kofia hadi usingizini. Jiko la gesi tuliliwasha kwa kiberiti, kwa uji na chai tu, kisha tukalizima. Wazima moto wanakataza kuligeuza jiko la kupikia kuwa hita, kwa sababu ileile ya mkaa.

Halafu nikamkumbuka bibi wa ghorofa ya chini. Ni Mmarekani mweusi, mzee, anaishi peke yake, na mazungumzo yetu hadi siku ile yalikuwa ya ngazini tu. Ujiji jirani asiposikika hadi jua likipanda watu hupiga hodi. Nikashuka kwa mwanga wa simu nikagonga. Alikuwa ameketi kitini amejifunika koti, mikono imekuwa ya baridi kiasi kwamba kikombe kilimshinda. Tulimpandisha juu, mimi na mwanangu mkubwa, akalala katikati ya watoto. Mama mkwe hajui Kiingereza na yule bibi hajui Kiswahili, lakini walishikana mikono chini ya blanketi usiku kucha kupashana joto.

Na bibi huyo ndiye aliyetufundisha yaliyobaki. Aliuliza kama bomba linadondosha maji. Maji yanayotembea, hata kwa matone, hayagandi upesi. Yaliyotulia hugeuka barafu, barafu huhitaji nafasi kubwa kuliko maji, na bomba hupasuka. Akatufungulisha milango ya kabati chini ya sinki ili hewa ya chumbani ilifikie bomba. Akatukataza kwenda kuchaji simu ndani ya gari lililofunikwa: bomba la moshi likizibwa na theluji, ile sumu ya mkaa inarudi ndani ya gari.

Habari za nje tulizipata kwa sauti za WhatsApp, simu ikiwashwa na kuzimwa ili chaji isiishe. Kina mama wa Kiswahili walikuwa wanaulizana nani hajasikika. Magari ya wagonjwa yalikuwa yamekwama, na hata ya kuyaokoa yalikwama. Tahadhari zilizotufikia zote zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo aliyekifahamu alitafsiri, na sauti ikasambazwa. Zaidi ya watu 40 walikufa Buffalo na kando yake: njiani kwa miguu, ndani ya magari, wengine moyo ukasimama wakichota theluji kwa beleshi, wengine ndani ya nyumba zisizo na joto. Nikifikiria hao wa mwisho namwona yule bibi kitini. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo kijana wetu, Mkongo, aliyetoka nje katikati ya dhoruba. Msiba wake uliwakusanya watu wa Nyarugusu, wa Uvira, wa Baraka na sisi wa Kigoma.

Uwanja wa ndege wa Buffalo ulipima karibu sentimita 130 za theluji kwa dhoruba nzima, na mlangoni kwetu upepo ulikuwa umeirundika juu kuliko kimo changu. Ilikuwa nzito kama mchanga mbichi. Umeme uliporudi bibi alituzuia kwanza kushangilia: hita ilipumulia nje kwa bomba lililotokeza ukutani, na bomba hilo lilikuwa limezikwa. Tulichimba hadi tukalifikia, ndipo tukaiacha hita iwake. Bomba la maji la bafuni lilikuwa limepasuka hata hivyo, na barafu ilipoyeyuka dari ya chini ikalowa. Mwenye nyumba alichukua muda mrefu kutengeneza. Bibi akaendelea kukaa kwetu mpaka chumba chake kilipokauka, na mama mkwe akamzoesha wali wa mawese na migebuka mikavu niliyokuwa nimetumiwa kutoka nyumbani.

Sasa kila Oktoba, kabla theluji haijaanza, tunawatembelea waliofika mwaka huo. Tunabonyeza kengele ya ukutani isikike, tunashuka chini kuonyesha hita inavyowaka, tunatoka nje kuonyesha bomba lake. Anayekaribia kushindwa bili ya joto tunamsaidia kujaza fomu za HEAP, mpango wa serikali wa kusaidia gharama hizo. Habari ya mkaa ameichukua mama mkwe. Huisimulia yeye, kwa Kiswahili chake cha Baraka, na wale vijana wawili wa Kasingirima anawaita vijana wetu.