Shitingi hataki kula

Safari hii zamu ni yangu. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mafunzo ya ushonaji, lakini kila nikianza namkumbuka kobe. Basi acha niandike kobe, ushonaji utasubiri.

Wasionijua: mimi ni Mkongomani, naishi Nyarugusu, hapa Kigoma. Nilifika nikiwa mdogo, nikasomea hapa hapa mpaka nikamaliza sekondari. Sasa najitolea kwenye eneo la watoto kucheza. Posho yake mnaijua, tusiizungumzie. Kati ya watoto ninaowaangalia kuna mmoja wa miaka tisa, wa zile familia zilizovuka ziwa mwaka 2023. Ni jirani yangu pia, nyumba yao na yetu zinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Ni mtoto wa kimya sana. Wenzake wakicheza mpira yeye anakaa pembeni anachora chini na kijiti.

Siku moja mwezi wa nane akanijia na ndoo imefunikwa kitenge. Akasema, "Yaya, angalia." Nikafunua. Ndani alikuwa kobe, urefu wake kama kiganja changu na vidole vyake, rangi ya kahawia kama udongo wa hapa. Ukingo mmoja wa gamba lake ulikuwa umeungua, umekuwa mweupe na unapukutika.

Alikuwa amempata sokoni kwa mtoto wa kijijini. Bei: kilo mbili za unga wa mgao.

Wanaoishi kambini hawahitaji maelezo hapo. Kwa dada na kaka zetu wa mashirika wanaosoma: mgao umeshapunguzwa mara nyingi, na kilo mbili za unga kwa nyumba ya watu watatu ni siku kadhaa za kula. Mama yake alipogundua jioni, kelele zilifika mpaka bombani. Akasema, "Kama ni wa kuliwa, tumpike leo. Kama si wa kuliwa, arudi alikotoka, na unga urudi." Mtoto hakujibu kitu. Alimkumbatia kobe tumboni, akakaa hivyo. Hakulia hata.

Hapo ndipo mdomo wangu uliniponza. Nikasema, "Mama, mwacheni kidogo. Nitamsaidia kumtunza. Huyu kobe akifa, mimi nitalipa huo unga kwenye posho yangu." Mama akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Sawa. Umesema mbele ya watu."

Kesho yake nikaanza kutunza kobe, kazi nisiyoijua hata kidogo.

Tulimweka kwenye beseni katikati ya uwanja. Watoto arobaini wakazunguka, kila mmoja anataka kumgusa, kumgeuza, kumgonga mgongoni kama anabisha hodi. Tukampa bukari. Tukampa maharage, kabichi, uji wa lishe. Kuna mtoto alimletea nusu ya andazi lake, na mjue andazi hapa si kitu cha kutoa ovyo. Kobe hakugusa chochote. Siku ya kwanza alikwaruza ubavu wa beseni mchana kutwa, krr, krr, krr. Siku ya pili akaingiza kichwa ndani na hakutoka tena.

Siku ya tatu nikaogopa. Nikachukua kijiko, nikajaribu kumfungua mdomo kwa mpini wake. Sijivunii hili. Alitoa pumzi kwa nguvu kama nyoka, akajifunga, halafu akanikojolea suruali nzima, mkojo mwingi kuliko nilivyofikiri unaweza kutoka kwa mnyama mdogo hivyo. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Yule dogo peke yake hakucheka. Akanishika mkono wenye kijiko, akasema pole pole, "Usimlazimishe, yaya. Mimi pia walinilazimisha."

Baadaye mama yake aliniambia. Walipofika, siku za kwanza mtoto alikataa chakula kabisa, na watu wakawa wanamshika kichwa wamlishe. Yeye mwenyewe mama ndiye aliyeshika. Niliweka kijiko chini na sikukichukua tena.

Usiku nilinunua bando nikaanza kusoma. Mambo mengi ya kufuga kobe yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanasema nunua taa ya joto, kipimajoto, poda ya chokaa. Nilicheka peke yangu gizani, mtu wa Nyarugusu atoe wapi taa ya kumwotesha kobe joto na yeye mwenyewe anachaji simu kwa pesa. Lakini katikati ya hizo taa kulikuwa na maneno ya maana. Kobe aliyehamishwa anaweza kukataa kula siku nyingi, hata wiki mbili, kwa sababu ya hofu tu. Anahitaji mahali pa kujificha kuliko anavyohitaji chakula. Akiona nje kupitia tundu la uzio atasukuma hapo hapo mpaka achoke, kwa hiyo ukuta usiwe na tundu. Asibebwe-bebwe, maana akiogopa anakojoa, na ule mkojo ndio akiba yake ya maji. Nilikumbuka suruali yangu, nikajisikia vibaya mara ya pili. Na vile tulivyompa, ugali, andazi, uji wenye maziwa, tumbo lake halikuumbwa kwa hivyo.

Kitu kingine nilikigundua kwa picha. Kobe wetu, akijifunga, sehemu ya nyuma ya gamba lake inashuka kama mlango wenye bawaba. Si kobe wote wako hivyo. Kuna jamii ya kobe wa Afrika wenye bawaba mgongoni, na mmoja wao anaishi kwenye mapori ya miombo kama haya ya kwetu. Huyo hali majani tu. Anakula uyoga, konokono, jongoo, na matunda yaliyoanguka. Na wakati wa kiangazi anajichimbia, analala miezi, anasubiri mvua.

Asubuhi nikamweleza mzee mmoja Mrundi wa mtaa wa pili, nikijiona nimevumbua. Akaniambia, "Sasa wewe, mwezi wa nane nani anakula huko porini? Huyo alikuwa amelala. Moto ndio umemwamsha." Akanionyesha lile gamba lililoungua. Kiangazi nyasi zinachomwa huku kila mahali, kobe hana mbio, anayeponea anaokotwa na watoto. Simu ilinila bando la siku nzima na mzee alikuwa anajua bure.

Tukaanza upya. Nyuma ya nyumba yao, pale mama anapomwagia maji bustani ya lengalenga, udongo una unyevu kidogo. Tulichimba shimo la kulala ubavu, tukaweka nyasi kavu ndani, juu tukafunika kipande cha shitingi iliyochanika. Tukazungushia matofali ya udongo bila kuacha tundu. Kobe alipowekwa mlangoni alisimama muda mrefu, kisha akaingia kinyumenyume. Watoto wakampa jina palepale, Shitingi, kwa sababu anatembea na nyumba na bado amepewa shitingi.

Sheria zilikuwa chache. Hakuna kumbeba. Hakuna kumwangalia zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Kila baada ya siku mbili au tatu, asubuhi, anawekwa kwenye sahani ya bati yenye maji yaliyopata joto la jua, maji yasifike kidevuni. Hapo ndipo tulimwona anakunywa kwa mara ya kwanza, uso wote umezama na koo linacheza. Dogo alihesabu mikupuo ishirini na sita. Na baada ya kumshika lazima kunawa kwa sabuni, sana sana wadogo, kwa sababu kobe hata akiwa mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kuhara kambini si mchezo. Sabuni nilitoa mimi. Posho ikazidi kupungua.

Wakati huo kuna dada mmoja wa shirika alimwona. Hakugomba, ila alinivuta pembeni. Akaniambia Tanzania ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na mnyama wa porini hafugwi bila kibali, hata akiwa mdogo, hata ukimnunua kwa unga. Mimi nilijua habari za tembo na simba. Kobe sikuwaza. Alimpigia simu afisa anayehusika, wakaongea kirefu. Jibu likawa hivi: nje moto bado unawaka, akirudishwa sasa hana pa kujificha, akae hapo alipo bila kusumbuliwa, mvua zikianza watakuja kumchukua.

Nilikubali. Kitu ambacho sikufanya ni kumwambia dogo. Siku ya kwanza nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa ananionyesha jinsi alivyofagia mlangoni kwa Shitingi, nikasema keshokutwa. Wiki tatu zikapita. Nawaambia ukweli, niliona ni rahisi zaidi kumtunza kobe kuliko kumwambia mtoto.

Katikati ya mwezi wa tisa dogo alipata kipande cha papai kutoka kwa jirani. Akala nusu, nusu akaiacha mlangoni usiku. Hakuniambia. Asubuhi na mapema nikasikia mtu anagonga dirisha kwa kiganja. "Yaya! Yaya! Amekula!" Nikatoka na taulo. Papai lilikuwa na alama mbili za kuumwa, nusu duara, safi kabisa kama limekatwa na kifuniko cha soda, maana kobe hana meno. Tulikaa pale tumechuchumaa tunaangalia papai kama watu wanaosoma barua. Mama yake alikuja, akaangalia, akasema, "Basi hilo ndilo mnaloamkia," lakini hakuondoka haraka.

Dogo siku hiyo aliongea kuliko miezi yote. Aliniambia kwao walikuwa na mbuzi wanne. Aliniambia majina yao. Ndipo nikaona siwezi tena kunyamaza, nikamwambia habari ya afisa na mvua.

Alinyamaza. Halafu akauliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Siku tano hakuja eneo la watoto. Chakula cha Shitingi aliendelea kuweka, lakini mimi akiniona ananipita kama nguzo ya umeme. Siku ya sita akaja, akachukua kijiti chake, akakaa. Sikumuuliza kitu.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mwezi wa kumi, usiku, na asubuhi Shitingi alikuwa nje. Si yule wa beseni. Kichwa juu, miguu imenyooka, anatembea kama ana miadi. Alimkuta jongoo kwenye tofali. Nyote mnajua jongoo anavyonuka, hata kuku anamkwepa. Shitingi akamtafuna wote, krap krap, kama mtu anakula muwa, povu la kahawia linamtoka mdomoni, watoto wanapiga kelele za kinyaa na furaha. Siku zilizofuata akamaliza konokono wote wa bustani ya lengalenga. Mama akaanza kumsifia waziwazi. Uyoga ulipotokea sokoni tulimnunulia mmoja, mmoja tu, wa wale tunaokula wenyewe. Aliula kofia akaacha mguu.

Afisa alikuja na gari la shirika wiki ya pili ya mvua. Alikuwa mtu mpole. Alimgeuza kidogo akaangalia lile gamba, akasema kidonda kimekauka vizuri. Akamweka kwenye boksi lenye nyasi. Dogo akauliza, "Huko anakoenda, uyoga upo?" Afisa akasema upo mwingi. "Na jongoo?" Wapo. Akauliza kama anaweza kusindikiza. Hapo watu wazima tukaangaliana, maana kutoka nje ya kambi ni kibali, na kibali hakitolewi kwa shughuli ya kobe. Dada wa shirika akamwambia aishie getini. Akaishia getini. Mzee wa Burundi akasema huyo ndiye mkazi wa kwanza kumwona anatoka hapa bila karatasi, watu wakacheka, na dogo naye akacheka, kidogo.

Jioni nilipima unga kilo mbili, nikampelekea mama. Alikuwa anapika sombe. Alinyanyua mfuko, akausikia uzito, akanirudishia.

"Ulisema utalipa akifa," akaniambia. "Hukusema akiondoka."

Nikabaki nimesimama na unga wangu. Dogo akanisogezea kigoda.