Nyumba Salama kwa Mtoto, Sehemu ya 6: Soketi za Jikoni, Kabla Fundi Hajapiga Plasta

 Akina baba mnaosoma kimyakimya, karibuni. Leo nawahitaji zaidi.

Niliahidi kwamba tukimaliza chumba cha kulala tutaingia jikoni. Wengi mlitegemea nianze na visu au mtungi wa gesi. Leo naanza na soketi. Najua kuna mtu anasema, "Sista, unesi na soketi wapi na wapi?" Nivumilie, nitafika.

Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Watoto wadogo wanaoletwa wameungua, wengi wameunguzwa na maji ya moto, chai au uji, si moto wenyewe. Na kila anapoletwa mtoto, kuna swali tunalomuuliza mama: "Maji yalikuwa wapi?" Nimeliuliza mara nyingi sana. Na niseme ukweli, nilikuwa naliuliza kwa sauti fulani. Ile sauti ya "ulikuwa wapi wewe".

Mpaka siku nilipoulizwa mimi.

Tulikuwa kwenye nyumba ya kupanga. Jiko lilikuwa na soketi moja tu, karibu na mlango, chini chini. Meza ya vyombo ilikuwa upande wa pili kwa sababu ndiko kulikokuwa na dirisha. Kwa hiyo tukafanya kama wanavyofanya wengi: ekstensheni. Inatoka mlangoni, inapita sakafuni, inapanda mezani. Juu yake tumechomeka jagi la umeme, chaja ya simu na siku nyingine rice cooker.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikawasha jagi nichemshe maji ya chai, nikageuka kuchukua kikombe. Nasema kugeuka tu, sikutoka hata jikoni. Binti yangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 8. Akaona waya unaning'inia, akauvuta. Watoto wa umri huo huvuta kila kinachoning'inia, hiyo ndiyo kazi yao.

Yalimpata mkono wa kulia na sehemu ya kifua. Namshukuru Mungu jagi lilikuwa nusu na uso ulipona. Nilimvua nguo, nikamweka chini ya bomba. Jirani akaja mbio na dawa ya meno. Nikamwambia "hapana dada, maji tu". Lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu ambaye hajawahi kuona kidonda.

Tulipofika hospitali, mwenzangu akanitazama akauliza, "Maji yalikuwa wapi?" Hakukusudia ubaya, na mimi nikashindwa kujibu. Nikaanza kueleza habari za soketi ya mlangoni, kama wanavyoeleza akina mama wote ambao huwa nawakatisha. Tangu siku hiyo siulizi tena kwa sauti ile. Na swali langu la pili limebadilika. Sasa nauliza: "Jiko lako likoje?"

Binti yangu ana miaka 4 sasa. Kovu lipo mkononi. Na tumejaliwa kujenga, tena tuna mtoto mwingine ambaye ndiyo kwanza ameanza kusimama. Ndiyo maana mwezi uliopita, kuta zilipokuwa bado tofali tupu, nilichukua chaki na futi kamba nikaenda saiti.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na wewe ukifanye.

Kwanza, hesabu vifaa kabla ya kuhesabu soketi. Kaa chini na karatasi. Andika kila kitu cha umeme ulicho nacho jikoni na unachotarajia kununua: friji, jagi, blenda, rice cooker, maikrowevu, oveni. Weka na simu, maana utaichaji humo upende usipende. Sisi tulifika 7. Fundi alikuwa amepanga soketi 2.

Pili, weka alama mahali vifaa vitakapokaa. Nilitumia maboksi na tofali. Hili ni friji, hili ni jagi, pale sinki, pale jiko la gesi. Kisha nikajifanya naandaa kifungua kinywa. Utacheka, lakini hapo ndipo utagundua jagi umeliweka mbali na bomba au friji limeziba soketi pekee ya ukuta ule.

Tatu, soketi ifuate kifaa. Ukikosea hapo, ekstensheni itarudi. Kaunta nyingi zina kimo cha karibu sentimita 90. Soketi ya vifaa vya juu ya kaunta ikae ukutani, sentimita 15 hadi 20 juu ya kaunta, upande wa ndani kabisa. Waya wa jagi hutengenezwa mfupi makusudi, ili usifike ukingoni na kuning'inia. Ukiunga ekstensheni, umeuondoa ulinzi huo kwa mkono wako mwenyewe.

Mtoto wa miaka 2 ana urefu wa karibu sentimita 86. Akiinua mkono, anafika ukingo wa kaunta bila shida. Nilimsimamisha binti yangu ukutani nikapiga chaki pale mkono wake ulipofika. Fundi aliponiuliza ule mstari wa nini, nikamwonyesha mkono wa mtoto. Hakuuliza tena.

Nne, maji, moto na gesi. Soketi isikae nyuma ya jiko wala juu yake, maana waya utapita juu ya moto. Iwe pembeni, angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa jiko. Kwenye sinki pia isipungue sentimita 30, na ukipata nafasi sogeza zaidi. Mtungi wa gesi ukiwa ndani, usiweke soketi ya chini karibu yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na cheche ndogo ya swichi inatosha kuiwasha. Kama una uwezo, mtungi ukae nje.

Tano, friji lipate soketi yake peke yake, na swichi uweze kuifikia bila kuvuta friji.

Sasa habari ya mzigo. Soketi zetu za matundu 3 zimetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 3,000 hivi. Ekstensheni yote nzima, hata iwe na matundu 6, inachota kwenye soketi moja. Jagi peke yake lina wati 2,200. Ongeza maikrowevu 1,200 na rice cooker 700, tayari umefika 4,100. Ndiyo maana ekstensheni inapata moto, plagi inabadilika rangi, na unasikia harufu ya plastiki. Ukiona hivyo usipulizie, usifunge na gundi. Zima, chomoa, tupa.

Nilipopeleka michoro yangu, fundi akacheka: "Mama, jikoni 2 zinatosha. Ukizidiwa utaweka ekstensheni." Baba watoto naye akakubaliana naye, kwa sababu fundi hutoza kwa pointi na pesa ilikuwa imekata. Simlaumu. Ukijenga, kila siku kuna mtu anadai. Tulibishana siku mbili. Mwishowe sikusema mengi, nilimwambia tu, "Ile asubuhi ulikuwa safarini. Mimi ndiye niliyemwokota." Akanyamaza. Kesho yake akaniambia jipsamu ya sebuleni isubiri mwakani. Tukaweka soketi 4 za dabo, yaani za plagi 2 kila moja, na laini ya peke yake ya oveni.

Jipsamu unaweza kuiongeza wakati wowote. Soketi ukiisahau, baadaye ni kupasua plasta na vigae, na gharama ni zaidi.

Mambo mengine ya kumwambia fundi bila aibu. Muulize leseni yake ya EWURA. Hakikisha kuna waya wa athi, ule wa kijani na njano, na umefika ardhini kweli, si kuishia ndani ya boksi. Omba ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja, ya miliampea 30. Ni ghali kidogo, ila hukata haraka sana mtu akipigwa shoti. Hiyo msiipunguze.

Na jambo moja la nyumbani. Ndani ya soketi kuna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Pini ndefu ya juu ndiyo inavifungua. Ndiyo maana ukitaka kuchomeka chaja ya pini 2 unachokonoa tundu la juu kwa kalamu. Mtoto anakuona, na kesho atachokonoa kwa msumari au kijiko. Nunua adapta.

Najua wengi wenu mko nyumba za kupanga na hamwezi kugusa ukuta. Basi hamisha meza iende kwenye soketi, usivute soketi iende kwenye meza. Jagi likae nyuma, waya uzungushwe na kufungwa. Chemsha maji, mimina kwenye chupa ya chai, funga, liondoe jagi. Na chora mstari sakafuni: mtoto asivuke wakati maji yanachemka. Mwenye nyumba akiwa muungwana, muombe soketi moja ya juu. Baadhi hukubali ukigharamia mwenyewe.

Yakitokea, kumbuka haya:

Ameungua maji ya moto: mvue nguo isiyoganda kwenye ngozi, mpitishie maji ya bomba ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na mwili mwingine uupe joto. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta, na usiweke barafu. Usipasue malengelenge. Mpeleke hospitali.

Amepigwa shoti: usimguse. Zima meni swichi kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au ufagio wa plastiki. Kisha mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu umeme unaweza kuunguza ndani kuliko nje, na moyo unahitaji kuangaliwa.

Mtoto aliyeng'ata waya akaungua kona ya mdomo pia aonwe. Kidonda hicho kinaweza kuonekana kidogo, halafu kikatoa damu nyingi siku 5 hadi 14 baadaye. Ikitoka, bana sehemu hiyo kwa vidole viwili na umuwahishe.

Jumamosi tulipita saiti. Plasta imekauka, maboksi ya soketi yameshakaa ukutani. Binti yangu akatafuta mstari wake wa chaki, hakuuona, umefunikwa. Akaninyooshea mkono wake akaniambia, "Mama, pima tena, nimekuwa mrefu." Nikampima. Kweli, ameongezeka, na mdogo wake anakuja nyuma yake.

Kwa hiyo mama, kama unajenga, nenda na chaki wiki hii. Usingoje plasta. Na kama yameshakutokea kama yalivyonitokea, njoo hospitali bila aibu. Hakuna atakayekuuliza kwa sauti ile, angalau kwenye zamu yangu.

Sehemu ya 7 ni mtungi wa gesi. Niandikieni chini: jiko lako lina soketi ngapi, na ekstensheni inapita wapi?